Nepi za Balozi

Balozi Rwegasira alikuwa na sauti. Akisimama kwenye rweya, ile mbuga ya nyasi juu ya kijiji walikofanyia mikutano, alisikika hadi ng'ambo ya bonde. Watu wa nyumba zake kumi walisema chama kilifanya vizuri kumchagua, maana bila yeye kingelazimika kununua tarumbeta.

Mwaka ule Ijumbi ilikuwa imeandikishwa kuwa kijiji cha ujamaa. Hakuna aliyehamishwa. Nyumba zilibaki palepale, katikati ya migomba na mibuni ya mababu, ila mikutano iliongezeka, na katika kila mkutano Rwegasira hakukosa kusema kwamba mwanamke si punda, kwamba ndugu wanaume waache kushinda kwenye rubisi, pombe ya ndizi, huku wake zao wakibeba maji, kuni na mtoto kwa safari moja. Wanaume walipiga makofi. Wanawake nao walipiga makofi, kisha wakainuka kwenda kuchota maji.

Mkewe, Joviana, alikuwa ameolewa kutoka Rwamishenye, Bukoba mjini, na walikuwa wamesubiri mtoto kwa muda mrefu kiasi kwamba watu walishaacha kuwauliza. Mimba ilipoonekana, Joviana alianza kushona nepi. Nguo zilikuwa adimu siku hizo. Bafta ikifika dukani ilikwisha kabla foleni haijafika mlangoni. Lakini mama yake, Ma Kokugonza, alijuana na Yunus, mwenye duka kule Kashai, na kila mara kipande cha bafta kilipopatikana kilipandishwa basi la Muleba hadi Ijumbi kikiwa kimezongwa ndani ya khanga. Joviana alikikata miraba, akakikunja mara mbili, akapinda kingo kwa mkono. Wanawake wa jirani walikuja kuzitazama. Wao waliwafunga watoto vipande vya khanga kuukuu, na nguo nyeupe kiasi kile waliizoea kanisani tu, juu ya altare.

Mtoto naye alipofika wakati wa kuzaliwa akakataa kutoka, na katika hospitali ya misheni daktari akampasua Joviana. Mtoto alikuwa msichana, mwenye afya na hasira. Wakamwita Kokushubila. Siku ya kuruhusiwa kurudi nyumbani, daktari alimwambia Joviana asiiname, asibebe ndoo, asinyooshe mikono juu, mpaka mshono upone sawasawa. Rwegasira alisikiliza yote hayo akiitikia kwa kichwa, kama mtu anayesikia habari za nchi ya mbali.

Ma Kokugonza ndiye aliyekuwa aje kuuguza. Lakini wiki ileile mumewe aliteleza kwenye ngazi za ushirika akavunjika mguu, ikabidi mama abaki Rwamishenye. Mama yake Rwegasira alikuwa ameshafariki. Wanawake wa jirani walisaidia mwanzoni, hasa Alistidia, mke wa Elieza wa kibanja cha pili, shamba la migomba lililopakana na lao, ambaye naye alikuwa na mtoto mdogo mgongoni. Kisha kahawa ikaiva yote kwa pamoja, na kila mtu akanasa kwenye mibuni yake.

Asubuhi moja Rwegasira aliamka akakuta lundo pembeni mwa chumba.

"Zile nepi," Joviana alisema kutoka kitandani.

"Naziona."

"Huzioni tu."

Ni kweli, alizisikia pia, puani. Alisimama akilitazama lundo lile, akatazama mlango, akamtazama mkewe ambaye alikuwa ameanza kujiinua taratibu huku ameshika tumbo. "Kaa," akasema. Akachukua gunia la kahawa, akazitia nepi ndani, akalitupa begani, akatoka.

Njiani alikutana na Elieza. Elieza alikuwa Mlutheri, mwimbaji wa sauti ya bezi katika kwaya, na mtu wa mzaha kuliko wote kijijini.

"Balozi, kahawa imekauka mapema hivi?"

"Ee. Naenda kuipepeta."

"Bondeni?"

"Kuna upepo mzuri bondeni," Rwegasira alijibu, akaongeza mwendo.

Hakusimama kwenye chemchemi ambako wanawake huchota maji. Alishuka hadi kwenye kijito nyuma ya mafunjo, mahali ambapo hata mbuzi hawafiki, akazimwaga nepi zote majini kwa mara moja. Kumbe kijito kina nguvu kuliko kinavyoonekana. Moja ikajitandaza juu ya maji, ikaanza safari ya kwenda ziwani. Balozi alikimbia nayo kandokando, akajikwaa, akaingia na viatu, na alipoikamata alikuwa amelowa hadi kiunoni. Hapo akazifua zote palepale, akisugua kwa sabuni ya mche kama anayesugua sufuria lililoungua, akazisuuza kwa haraka maana alisikia sauti za watu kwa juu.

Kuanika kulikuwa shida nyingine. Uwanja wa mbele ulitazamana na barabara, na barabara ndiyo njia ya kila mtu kwenda ghala la kahawa. Basi alifunga kamba ndani kabisa mwa kibanja, kutoka mgomba hadi mgomba, mahali penye giza zuri, akaridhika. Jioni zilikuwa bado mbichi. Akazimalizia juu ya moto jikoni. Ndivyo ilivyokuwa siku iliyofuata, na nyingine. Ndani ya muda mfupi nepi za bafta zilikuwa na mabaka ya kahawia, maana utomvu wa migomba ukidondokea nguo nyeupe umehamia humo moja kwa moja, na mtoto akawa ananukia kama samaki wa kukaushwa.

Joviana alicheka alipomnusa. Baadaye akaacha kucheka. Mapaja ya Kokushubila yalikuwa yameiva, mekundu, na upele mdogomdogo umejipanga kwenye mikunjo. Kila akifungwa nepi alilia mpaka sauti ikamkauka.

Siku ya kliniki walikwenda wote, kwa sababu Joviana hakuweza kumbeba mtoto njia nzima. Rwegasira alimbeba Kokushubila kifuani, amemfunika kwa koti lake, wakatembea polepole. Walipokaribia kona ya zahanati alisimama, akatazama huku na huku, akampa Joviana mtoto.

"Hapa unamweza," alisema.

Joviana alimtazama tu, akampokea, akaenda.

Rwegasira alibaki nje, amejibanza ukutani karibu na dirisha, mikono mfukoni, kama mtu anayengoja gari. Ndani mlikuwa mmejaa akina mama. Alimsikia muuguzi akiwaita mmoja mmoja kupima uzito. Muuguzi huyo, Sista Immakulata, hakuwa mtawa, lakini watu walimwita sista na walimwogopa kuliko mtawa. Ikafika zamu ya Joviana. Kisha muuguzi akauliza:

"Nani anafua hizi nepi?"

Rwegasira alisikia sauti ndogo ya mkewe: "Mimi, sista."

"Wewe! Tazama mwanao. Amekaa na unyevu huyu. Na sabuni haikutoka, inamla ngozi. Nepi hizi hazijawahi kuona jua tangu zizaliwe. Na haya mabaka? Unaanika chini ya migomba?"

Sauti ya muuguzi ikapanda.

"Ndiyo wasichana wa mjini hawa. Mmezoea kufuliwa. Nguo nzuri hivi, wengine wanaitafuta hawaipati, na wewe unashindwa hata kutembea hatua kwenda juani. Ni uvivu, mama. Uvivu tu."

Akina mama wengine wakacheka, wala si kwa ubaya. Kila mmoja alishukuru kwamba si zamu yake. Rwegasira, pale nje, alihisi masikio yakimchoma. Alijua mkewe angeweza kujitetea kwa maneno machache, na alijua kwa nini hakujitetea. Alitazama barabara. Aliwaza kuhusu rweya, na makofi, na sauti yake mwenyewe ikienda hadi ng'ambo ya bonde. Kisha akazunguka kona, akainama mlangoni, akaingia.

Vicheko vikakatika. Mwanamume ndani ya kliniki ya watoto alikuwa jambo la kutazamwa.

"Sista," alisema, na kwa bahati mbaya hakuwa na sauti nyingine ila ileile ya mikutano, "anayefua ni mimi."

"Wewe nani?"

"Baba yake. Huyu ana mshono, amekatazwa kuinama. Nepi nafua mimi, naanika mimi. Chini ya migomba. Makosa yote ni yangu."

Sista Immakulata alimtazama kuanzia kwenye viatu hadi kichwani. Kama Rwegasira alitarajia pongezi, hakuzipata.

"Kumbe mwanafunzi ni wewe. Sogea hapa."

Akamfundisha mbele ya wote. Kinyesi kinaondolewa kwanza, kwenye ndoo ya peke yake, si kwenye kijito ambacho watu wa chini wanakunywa. Zinalowekwa. Zinafuliwa, zinachemshwa, zinasuuzwa mpaka maji yawe kama yalivyotoka kisimani, maana sabuni iliyobaki ndiyo inayomchoma mtoto. Zinaanikwa juani, jua kali, mahali pa wazi, juu ya kamba na si juu ya nyasi. Halafu zinapigwa pasi pande zote mbili.

"Pasi? Nepi?" Rwegasira aliuliza.

"Kuna nzi anayetaga kwenye nguo mbichi. Yai likianguliwa, funza anaingia kwenye ngozi. Unataka mwanao awe na funza?"

"Hapana, sista."

"Basi piga pasi. Na umwache kila siku akae bila nepi, apigwe upepo. Wewe ungependa kufungwa hivyo mchana kutwa?"

Akina mama wakacheka mpaka mizani ikatikisika. Rwegasira naye, jasho likimtiririka, alijikuta anacheka. Akauliza kama majivu yanaweza kusaidia sabuni ikikosekana. Sista akasema maji ya majivu yaliyochujwa vizuri yanafaa, ila asuuze mara mbili zaidi. Akauliza kuhusu mabaka. Sista akasema hayo hayatoki, ayazoee.

Wakati wa kurudi alimbeba mtoto juu ya koti, si ndani yake. Joviana alisubiri mpaka wakapita kona.

"Ungeniacha tu," alisema. "Kugombezwa si kitu. Sasa watasema nimekulisha dawa."

"Waseme."

"Watasema nakutawala."

"Na wewe hujanitawala?"

Joviana alicheka, akashika mshono. "Usinichekeshe bwana, inauma."

Habari ilifika Ijumbi kabla yao. Rwegasira alipofunga kamba mpya kuanzia nguzo ya baraza hadi kwenye mparachichi, mbele kabisa, mkabala na barabara, watu walikuwa tayari wana sababu za kupita. Waliopeleka kahawa walipita, na waliokwisha kuipeleka walipita tena. Elieza alisimama kabisa, mikono kiunoni.

"Balozi! Umeinua bendera nyeupe. Umesalimu amri kwa nani?"

"Kwa Kokushubila."

"Na sisi tukija na zetu utatufulia?"

"Ukija na mwanao nitakufundisha."

Elieza aliangua kicheko, na kicheko cha bezi kilimfuata Rwegasira mpaka ndani. Jioni ile hakwenda kilabuni, na kesho yake pia. Alijua nyimbo zilizokuwa zikitungwa huko. Kuna wakati alishika ncha ya kamba akataka kuirudisha kibanjani, aiweke tu mahali penye jua kidogo. Lakini siku chache zilipopita, wakati Kokushubila amelala uchi juu ya khanga akirusha miguu, aliona wekundu umefifia. Akaita Joviana aje aone. Wakainama wote wawili juu ya mapaja ya mtoto kama watu wanaosoma barua nzuri.

Tangu hapo alifua kwa nia. Na alipotia nia, aligundua kwamba kazi ile alikuwa anaijua siku zote. Ilikuwa kazi ya kahawa. Kahawa nayo haipendi haraka. Unaitandaza, unaigeuza, unaitazama mbingu, unaianua kabla umande haujashuka. Akawa anazigeuza nepi kwenye kamba kama anavyogeuza buni kwenye jamvi, upande huu, upande ule, na akizikunja alizishika shavuni kwanza kuhakikisha hazina ubaridi. Pasi ya mkaa ilimuunguza vidole, na pini ya nepi ilimchoma mara nyingi, kwa sababu aliweka kidole chake kati ya pini na mtoto. Lakini nepi zilirudi kuwa nyeupe, mbali na mabaka yale, na zilipopigwa na upepo zililia pwa, pwa, sauti iliyomfurahisha bila kujua kwa nini.

Ikaja siku ambayo bwana shamba alitoka wilayani kuja kuhutubia juu ya ukaushaji wa kahawa. Mkutano ulikuwa rweyani, na Rwegasira ndiye mwenyekiti. Kila nyumba ilikuwa imeacha kahawa uani, kwa kuwa asubuhi jua lilikuwa kali na ulikuwa si msimu wa mvua. Bwana shamba alikuwa anaeleza kwa utaratibu hasara za kahawa kunyeshewa, ameshika punje mbili mkononi, moja nzuri na moja yenye ukungu, wakati Rwegasira alipoona kivuli kinapanda kutoka upande wa ziwa.

Alijaribu kuvumilia. Mgeni ni mgeni. Lakini wingu lilikuja kama mtu aliyetumwa, na harufu ya udongo uliolowa ikatangulia.

"Kahawa!" Elieza alipiga kelele, akaruka.

Mkutano mzima ukasambaa. Wazee waliotembelea mikongojo walionekana wakikimbia. Bwana shamba alibaki peke yake na punje zake mbili, halafu naye akashika njia ya ghala.

Rwegasira alishuka mlima kwa miguu isiyogusa chini. Alipotokeza uani matone ya kwanza yalikuwa yanadondoka, makubwa, mojamoja. Upande wa kulia jamvi la kahawa, mavuno yake mazuri kuliko yote msimu ule. Upande wa kushoto nepi, zote, maana asubuhi alifua zote. Na katikati Joviana ametoka mlangoni, ananyoosha mikono kuelekea kwenye kamba.

"Rudi ndani!" Rwegasira alinguruma. "Mshono!"

Akaenda kwenye nepi. Hakufikiri, miguu ilikwenda yenyewe. Alizichopoa mbilimbili akizirundika begani, na mvua ikaongeza kasi. Hapo akatokea Elieza, anahema. Yeye alikuwa na mke na watoto wakubwa, kahawa yake ilikuwa imeshaingia ndani, akaja kumsaidia jirani. Akakamata pembe ya jamvi.

"Elieza! Acha kahawa! Nepi za upande ule!"

"Nini?"

"Nepi! Za upande wa mparachichi!"

Elieza alisimama, jamvi mkononi, mvua inampiga usoni, akamtazama balozi wake kama anayetazama mtu aliyerukwa na akili. Kisha akaliachia jamvi, akakimbilia kwenye kamba. Wakaingia ndani kwa pamoja wakigongana mlangoni, wakaweka mizigo yao, wakatoka tena kuvuta kahawa. Wakati huo mvua ilikuwa imeshafungua milango yote. Nusu waliiokoa. Nusu ilikuwa inaelea.

Walipomaliza walisimama sebuleni, maji yakiwadondoka. Elieza alikuwa bado na nepi mbili amezikumbatia kifuani, hathubutu kuziweka popote.

"Niziweke wapi hizi?"

"Popote pakavu," Joviana alisema.

Elieza alitazama huku na huku. Kabla ya kuziweka, akainamisha pua kidogo.

"Mbona hazinuki?"

"Zinuke kwa nini?" Rwegasira aliuliza, amekasirika kweli.

"Zetu zinanuka. Hata zikifuliwa." Elieza alinusa tena, bila aibu sasa. "Alistidia anasema ni mtoto wetu ndiye ananuka. Wewe unafanyaje?"

Rwegasira alianza kueleza kuhusu ndoo ya kwanza na ndoo ya pili, na namna ya kutambua kama sabuni imekwisha kwa kukamua tone na kulionja kwa ulimi. Elieza alisikiliza kwa makini, ameshika nepi kama mtu anayeshika kitabu cha nyimbo, na wote wawili walikuwa wanatiririka maji kama bata. Joviana alianza kucheka. Alijaribu kuzuia, akashika tumbo, akakaa chini sakafuni, machozi yakamtoka, na kila Rwegasira alipomsihi aache kwa ajili ya mshono alizidi.

Elieza alipoondoka aligeuka mlangoni. "Usimwambie mtu kwamba nimezishika."

Rwegasira hakumwambia mtu. Joviana alimwambia Alistidia.

Kahawa iliyolowa waliianika upya, lakini haikurudi kama ilivyokuwa. Kwenye ghala la ushirika karani aliichota kwa kiganja, akainusa, akatikisa kichwa mbele ya foleni nzima.

"Balozi, hii ilinyeshewa."

"Ilinyeshewa."

"Wakati bwana shamba mwenyewe yuko hapa anafundisha! Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nyumbani, naanua nepi," Rwegasira alisema, na foleni yote ikasikia, na waliokuwa nje ya ghala pia.

Watu walicheka sana. Lakini mzee mmoja wa nyuma akasema, "Angalau mtoto alilala pakavu," na wachache wakaitikia, na foleni ikasogea. Siku zile Rwegasira alirudi kilabuni. Walimwimbia ule wimbo waliotunga. Ulikuwa mzuri, akajifunza, na akawa anauimba akifua.

Alikuwa anauimba siku mkwewe alipofika.

Ma Kokugonza alikuwa amemwacha mumewe anatembea kwa magongo, akapanda basi bila kutuma habari. Alifika Ijumbi mchana, na kwa kuwa mlango wa mbele ulikuwa umefungwa alizunguka nyuma, upande wa jiko. Huko akamkuta mkwewe amechuchumaa mbele ya beseni, suruali imekunjwa hadi magotini, povu hadi kwenye viwiko, anaimba.

Mkwe na mama mkwe hawakutani hivyo. Hawakai mkeka mmoja, hawapeani mkono, hata kutazamana usoni ni kwa kiasi. Rwegasira aliinua macho, wimbo ukamfia mdomoni. Alisimama, akakumbuka suruali, akachuchumaa tena. Ma Kokugonza aligeuka upesi, akawapa mgongo, yeye na beseni lake.

"Waitu, jamani," alisema akiuambia mgomba uliokuwa mbele yake. "Sikuona kitu."

"Karibu, mama," Rwegasira alisema akiliambia beseni.

Akakimbilia ndani. Ma Kokugonza aliweka mzigo wake, akamsalimu binti yake, akamshika mjukuu, akalia kidogo, akamgeuza na kumkagua kila mkunjo. Baada ya hapo akapinda khanga kiunoni. "Nimekuja kufua," alitangaza, akaenda kukaa kwenye beseni.

Rwegasira alikuwa sebuleni, amekaa wima kitini kama mgeni, amepewa buni za kutafuna na mkewe mwenyewe. Dirisha lilikuwa wazi. Alisikia maji, akasikia nepi zikikamuliwa. Akasikiliza. Akaacha kutafuna.

"Joviana," aliita kwa sauti. "Mwambie mama maji ya kusuuzia yale ni ya kwanza. Ya pili yako kwenye ndoo ya bluu."

Joviana alikuwa amesimama mlangoni katikati yao, mtoto begani. "Mama, anasema maji ya pili yako kwenye ndoo ya bluu."

"Mwambie mumeo nimelea watoto saba."

"Anasema amelea watoto saba."

"Namheshimu sana. Ila mwambie asizisokote kama kamba, zinavutika kona."

Joviana aliuma midomo.

"Mwambie," ilikuja sauti ya Ma Kokugonza, polepole, "kona nimeziona. Zimenyooka. Nani anapiga pasi?"

"Yeye, mama."

"Hm," alisema Ma Kokugonza. Baada ya muda maji yakasikika yakimwagwa kwenye ndoo ya bluu.

Waliishi hivyo wiki zilizobaki, wakigombana kwa heshima kupitia kwa Joviana, juu ya majivu na sabuni, juu ya jua la asubuhi na la mchana. Mama mkwe alichukua kufua, mkwe akabaki na kuanika na pasi, na hakuna aliyevuka mpaka. Mshono wa Joviana ulipona. Siku ya kwanza aliyobeba ndoo yake mwenyewe hadi mlangoni, wote wawili walitoka, mmoja huku na mmoja kule, wakamwambia aiweke chini.

Ma Kokugonza alipoondoka, Rwegasira alimsindikiza hadi barabarani, akimfuata nyuma kwa umbali unaostahili, na mkungu wa ndizi kichwani kwa ajili ya baba mkwe. Basi la Bukoba likaja limejaa. Aliupandisha mkungu juu, akazunguka kuaga. Mama mkwe alikuwa ameshapata nafasi dirishani, na alikuwa ameshaanza kumsimulia mwanamke wa kiti cha pili.

"Yule pale, mwenye kofia. Si huyo, yule mrefu. Mkwe wangu. Balozi. Mimi nakwambia, nilipofika nikamkuta..."

Injini iliunguruma, basi likaondoka, naye hakusikia yaliyofuata. Aliona tu vichwa vikigeuka madirishani, kimoja baada ya kingine, mpaka safu nzima ya upande ule ikawa inamtazama. Akavua kofia, akawapungia.